Mtumishi na Mashine: Udhibiti wa Maandishi katika Riwaya za Kesho Mbaya

Utangulizi

Fasihi ya karne ya 20 imetuachia fungu moja la riwaya ambazo kazi yake si kusimulia yaliyopita wala kuburudisha kwa visa vya mapenzi na upelelezi, bali ni kutazama mbele kwa hofu. Mwandishi wa riwaya ya namna hii huchukua mambo aliyoyaona katika zama zake, yaani mashine zilizokwisha kubuniwa na tabia zilizokwisha kuota mizizi, huyasogeza mbele miaka mingi, kisha humwuliza msomaji: ikiwa njia tunayoifuata ni hii, je, huko iendako pana makazi ya binadamu? Kwa kuwa jibu lake huwa ni la kusikitisha, sisi katika makala haya tutaziita riwaya za kesho mbaya.

Tumechagua riwaya nne ambazo ndizo zilizojulikana zaidi duniani. Ya kwanza ni ya Mrusi Yevgeny Zamyatin, ambayo jina lake kwa Kiswahili ni Sisi, na iliandikwa mwaka 1920 na 1921. Ya pili ni Brave New World ya Mwingereza Aldous Huxley, iliyotoka mwaka 1932. Ya tatu ni 1984 ya George Orwell, iliyotoka mwaka 1949. Na ya nne ni Fahrenheit 451 ya Mmarekani Ray Bradbury, iliyotoka mwaka 1953. Zote nne zinashughulikia mambo mawili yaliyofungamana, nayo ni tekinolojia, na udhibiti wa maandishi na mawazo.

Mara nyingi riwaya hizi zinapojadiliwa, mjadala huishia kwenye mashine. Msomaji huulizwa ataje ni vyombo gani mwandishi alivitabiri na ni vipi ambavyo havikutokea, kana kwamba mtunzi ni mpiga ramli na sisi tumekwenda kumdai fedha zetu. Twaona kwamba kipimo hicho ni kifupi. Tunachokusudia kuonyesha ni kwamba kiini cha riwaya hizi hakimo katika mashine, bali kimo katika mtu aliyeajiriwa kuiendesha. Na kwamba ni kwa kumtazama mtu huyo ndipo tutakapoweza kuzilinganisha kwa haki na jamii ya leo.

Vitabu Vinne na Waandishi Wao

Zamyatin alikuwa mhandisi wa meli. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alipelekwa Uingereza, akashiriki katika kusimamia ujenzi wa meli za kuvunjia barafu huko Newcastle. Kwa hiyo aliyetuonya juu ya mashine hakuwa mtu aliyeziogopa kwa sababu hazijui. Katika riwaya yake watu wanaishi katika dola moja iliyozungushiwa ukuta. Nyumba zao ni za vioo vitupu ili kila mmoja aonekane. Hawana majina bali wana namba. Na ratiba moja huwaamsha, huwalisha na huwatembeza wote kwa dakika ileile. Barabarani umetandazwa utando unaonasa mazungumzo ya wapitao. Mwishowe madaktari wanagundua njia ya kuondoa uwezo wa kuwaza mambo yasiyokuwapo kwa upasuaji wa ubongo, na raia wanapangwa foleni. Kitabu hiki hakikuruhusiwa kutoka nchini mwake. Kilitokea kwanza New York kwa Kiingereza mwaka 1924, na Warusi hawakukisoma kwa uhalali nyumbani kwao hadi mwaka 1988. Mwandishi mwenyewe alimwandikia Stalin mwaka 1931 akiomba aachiwe aondoke, akaruhusiwa, na akafia Paris mwaka 1937.

Huxley aliichora kesho mbaya ya namna nyingine. Katika dunia yake hakuna vilio wala virungu. Watoto hawazaliwi, bali hutengenezwa chupani na kupangiwa matabaka yao kabla hawajafungua macho. Hufundishwa usingizini kuipenda hali yao. Na wakipatwa na huzuni humeza kidonge kiitwacho soma. Vitabu vya zamani havichomwi. Vimefungiwa katika kasha la chuma la mtawala aitwaye Mustapha Mond, na hakuna anayeuliza ufunguo uko wapi, kwa sababu hakuna anayevitaka. Hata hivyo kitabu chenyewe kilitakiwa na wengi na kuogopwa na wengi: Ayalandi na Australia zilikipiga marufuku mwaka uleule kilipotoka.

Orwell wasomaji wa Kiswahili wanamfahamu kwa njia ya Shamba la Wanyama, tafsiri iliyofanywa na Fortunatus Kawegere na kuchapwa mwaka 1967. Alizaliwa India mwaka 1903, akawa ofisa wa polisi ya kikoloni huko Burma, na wakati wa Vita Kuu ya Pili alifanya kazi katika redio ya Uingereza, BBC, akitayarisha vipindi kwa ajili ya wasikilizaji wa India. Alijua, basi, jinsi himaya inavyotawala na jinsi habari zinavyopikwa. Katika 1984 kila ukuta una kioo kinachoonyesha picha na wakati huohuo kumtazama anayekitazama. Maandishi yasiyotakiwa hutupwa katika tundu la ukutani, nayo huvutwa na hewa hadi kwenye tanuri. Orwell alifariki mwezi Januari 1950, miezi michache tu baada ya kitabu kutoka.

Bradbury aliandika kitabu chake chini ya maktaba ya chuo kikuu mjini Los Angeles, mahali palipokuwa na taipureta za kukodi kwa senti kumi kila nusu saa. Katika riwaya yake nyumba zimejengwa kwa vitu visivyoungua, kwa hiyo zimamoto wamepewa kazi nyingine: kuchoma vitabu na nyumba za waviwekao. Watu wanakaa vyumbani wakizungukwa na kuta zinazosema na kucheza tamthilia mchana kutwa. Mke wa mhusika mkuu ana kuta tatu za namna hiyo, na shida yake kubwa duniani ni kwamba hajapata ya nne.

Mtumishi Ndiye Mkono wa Udhibiti

Sasa tuwatazame wahusika wakuu wa riwaya hizi, si kwa tabia zao bali kwa ajira zao. Katika Sisi, D-503 ni mhandisi wa dola anayejenga chombo cha kuruka angani ili kupeleka ratiba ileile kwenye sayari nyingine. Katika 1984, Winston Smith ni karani wa Wizara ya Ukweli, na kazi yake ni kusahihisha magazeti ya zamani ili yakubaliane na msimamo wa leo. Guy Montag wa Fahrenheit 451 ni zimamoto. Katika Brave New World, Bernard Marx ni mtaalamu wa mafundisho ya usingizini, na rafiki yake Helmholtz Watson ni mwalimu wa chuo na mtunzi wa tenzi fupi za kuwafundisha raia utii. Wote ni watumishi wa umma. Hakuna hata mmoja aliye mwasi wa msituni au mgeni aliyetoka mbali. Waandishi wanne, waliotofautiana kwa taifa na itikadi, walimkuta mtu yuleyule: mwajiriwa mwenye cheo cha kati anayefika kazini kwa wakati.

Twaamini kwamba jambo hili si la bahati. Mashine inaweza kusikiliza, kupiga picha na kuchoma, lakini haijui ni lipi la kuchomwa hadi mtu aiambie. Udhibiti ni kazi ya ofisi. Una fomu zake, mihuri yake na majalada yake. Orwell analieleza jambo hili kwa namna ambayo sisi tuliotumikia ofisini hatuwezi kuipitia haraka: Winston anaipenda kazi yake. Anapopewa habari ngumu ya kugeuza, inayohitaji ufundi wa lugha na ujuzi wa mambo ya siasa, husahau dhiki zake zote. Siku moja anambuni askari shujaa ambaye hajapata kuishi, anampa maisha na kifo kitukufu, na anaona fahari ya fundi aliyemaliza kiti kizuri. Hii ndiyo hatari iliyojificha. Mtumishi hauhitaji ukatili ili afanye ubaya. Yatosha awe stadi, apende usafi wa kazi, na asiulize waraka unaelekea wapi.

Huxley naye anatuonyesha mtumishi wa ngazi ya juu. Mustapha Mond anasoma andiko la mwanasayansi mmoja, anatambua kwamba ni kazi ya kipaji, anasikitika, kisha anaandika juu yake kwamba lisichapwe. Si mjinga huyu. Amewahi kuwa mwanasayansi yeye mwenyewe, akachaguzwa kati ya uhamisho na madaraka, akachagua madaraka. Na Helmholtz, mwalimu, anaingia matatani kwa sababu amewasomea wanafunzi wake shairi lake juu ya upweke, nao wakaenda kumshtaki kwa mkuu wa chuo. Mwalimu msomaji wetu na alifikirie tukio hilo kwa utulivu: hakukuhitajika kioo cha kupelelezea. Wanafunzi waliokwisha kufunzwa kuogopa walitosha.

Lakini palepale penye ugonjwa ndipo waandishi hawa walipoweka tumaini. Montag, akiwa kazini na mafuta ya taa yakimwagwa, mkono wake unachukua kitabu na kukificha kabla akili yake haijaamua. Winston ananunua daftari. D-503 anaanza kuandika mambo ambayo hesabu zake haziyajui. Kila dola ya riwaya hizi inapasuka, hata kama ni kwa muda mfupi, katika kiungo kimoja tu: mkono wa mtumishi unapotetemeka. Jambo hili tulishike, maana tutalihitaji tutakapofika kwenye mashine za leo.

Kamusi Inayopungua

Miongoni mwa mambo yote yaliyobuniwa katika riwaya hizi, lililo karibu zaidi na sisi tunaoshughulika na lugha si kioo wala ndege, bali ni kamusi. Katika 1984 yupo mtaalamu aitwaye Syme, ambaye anatayarisha chapa ya kumi na moja ya kamusi ya lugha mpya ya dola. Kila chapa ni nyembamba kuliko iliyotangulia. Kazi ya wanakamusi hawa ni kuua maneno, na Syme anajivuna kwamba siku moja wazo la uasi halitawezekana, si kwa sababu litaadhibiwa, bali kwa sababu hakutakuwa na neno la kuliwazia. Orwell aliliona jambo hili kuwa zito hata akaliandikia nyongeza maalumu mwishoni mwa kitabu.

Tulinganishe na historia ya lugha yetu. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mwaka 1981 kwa juhudi za Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Lengo lilikuwa ni kinyume kabisa cha lile la Syme: kuongeza maneno ili Mtanzania aweze kusema kwa lugha yake habari za mahakama, za maabara na za benki. Mshairi anaijua thamani ya wingi huu kuliko mtu mwingine, kwa sababu anatafuta neno lenye kina na mizani zinazofaa, na katika kutafuta hugundua kwamba maneno mawili yanayodhaniwa kuwa sawa hayako sawa.

Chukua maneno haya: uonevu, dhuluma, ukatili, unyonyaji. Uonevu hufanywa na mwenye nguvu juu ya mnyonge, mara nyingi ana kwa ana. Dhuluma humnyima mtu haki yake, hata kama kwa ustaarabu na kwa tabasamu. Ukatili humtia maumivu. Unyonyaji huchukua jasho lake polepole, kama kupe, naye huenda akashukuru. Neno hili la mwisho lilienea nchini kwa nguvu kubwa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na mkulima aliyekuwa amezoea kusema kwamba bahati yake ni mbaya akapata jina la kile alichokuwa akitendewa. Mfute mtu maneno haya manne, umwachie neno moja tu, baya. Ataendelea kuumia. Ataweza kusema kwamba hali ni mbaya. Lakini hataweza kusema kwamba amedhulumiwa, na asiyeweza kusema kwamba amedhulumiwa hawezi kwenda kushtaki.

Hata hivyo haki inatutaka tuongeze jambo ambalo Orwell alilidokeza tu. Neno haliuawi kwa kufutwa peke yake. Huuawa pia kwa kurudiwa. Neno ndugu lilikuwa la damu na la utu. Lilipowekwa mbele ya kila jina katika kila barua ya ofisi, hata barua ya kumwachisha mtu kazi, lilichakaa likawa kama muhuri. Halikutoka katika kamusi, bali lilitokwa na roho likiwa mlemle. Mwalimu wa lugha anao wajibu wa kuwafundisha wanafunzi namna zote mbili za kufa kwa maneno, maana ya pili haitangazwi.

Mkasi Usioonekana

Kisa cha kitabu cha Bradbury baada ya kuchapwa kinafundisha pengine zaidi ya kitabu chenyewe. Mwaka 1967 wachapishaji wake, Ballantine, walitoa chapa maalumu kwa ajili ya shule za sekondari. Katika chapa hiyo vifungu vipatavyo 75 vilibadilishwa: maneno ya kuapiza yaliondolewa, na baadhi ya matukio yakageuzwa yaonekane mapole. Hakuna popote palipoandikwa kwamba kitabu kimekatwa. Tangu mwaka 1973 chapa hiyo ikawa ndiyo pekee inayouzwa, hata kwa watu wazima, na mwandishi mwenyewe hakujua. Alikuja kupata habari mwaka 1979, na waliomfahamisha walikuwa wanafunzi. Alidai kitabu kirudishwe kama alivyokiandika, na kikarudishwa.

Kwa hiyo kwa miaka sita riwaya inayolaani kuharibiwa kwa vitabu ilisomwa ikiwa imeharibiwa, na walioiharibu hawakuwa polisi wala mawaziri, bali wahariri waliotaka kitabu kipendeze shuleni. Hivyo ndivyo hasa anavyoeleza Kapteni Beatty, mkuu wa zimamoto katika riwaya: kwamba moto haukuanzia serikalini. Ulianza kwa kila kundi kukataa ukurasa unaoliudhi, na wachapishaji kukubali, hadi kurasa zikawa hazina chakula.

Nchini mwetu tunao mfano wa kulinganisha. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ilizuiwa kwa muda kusomwa mashuleni kwa sababu inasema waziwazi juu ya maisha ya msichana na unyumba. Baadaye ilirejea, na leo inahesabiwa miongoni mwa nguzo za riwaya ya Kiswahili. Hatusemi kwamba marufuku ile ilikuwa jambo jema. Tunasema kwamba ilikuwa marufuku inayojulikana: watu waliijua, walibishana juu yake, na kwa kuwa kitabu kilibaki kizima kiliweza kurudi kizima. Mkasi wa chapa ya 1967 ulikuwa wa namna nyingine. Haukuacha mahali pa kubishania, kwa sababu msomaji hakujua kwamba kuna kitu kilichokosekana.

Hapa pana fundisho la kufaa darasani. Mwalimu anaweza kuwa na sababu nzuri za kuruka ukurasa kwa ajili ya umri wa watoto alio nao. Akiruka, na awaambie kwamba ameruka. Mtoto anayejua kwamba ukurasa upo atausoma akikua.

Jamii ya Leo

Zanzibar ilianza kuwa na televisheni mwaka 1973, na Tanzania Bara haikuwa nayo hadi mwaka 1994. Msomaji wa Bara aliyeshika 1984 katika miaka hiyo alikiona kioo cha Orwell kuwa hadithi ya mbali. Leo mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuwa na simu yenye kioo, kamera na kipaza sauti, naye ameinunua kwa fedha zake. Mwezi Juni 2013 Mmarekani Edward Snowden alipotoa hadharani nyaraka za shirika la ujasusi la nchi yake, dunia ilifahamu kwamba kumbukumbu za simu za mamilioni ya watu zilikuwa zikikusanywa. Katika siku chache mauzo ya kitabu cha Orwell yalipanda sana huko Marekani.

Lakini tukio lililoigusa fasihi moja kwa moja lilitokea mapema zaidi. Mwezi Julai 2009 kampuni ya Amazon ilifuta vitabu kutoka katika vyombo vya kusomea vya wateja waliokwisha kuvinunua, bila kuwauliza, kwa kutumia mtandao. Vitabu hivyo vilikuwa 1984 na Shamba la Wanyama katika asili yake ya Kiingereza. Sababu haikuwa ya siasa: aliyeviweka sokoni hakuwa na haki ya kuviuza. Wateja walirudishiwa fedha, na mkuu wa kampuni akaomba radhi. Hata hivyo tukio hilo lilifundisha jinsi mambo yalivyobadilika. Kitabu cha karatasi kikishatoka dukani ni mali ya msomaji, na anayekitaka lazima aje mlangoni, abishe hodi, aonekane uso. Kitabu cha kielektroniki kinaendelea kushikwa na muuzaji kwa uzi mrefu usioonekana. Tundu la ukutani la Wizara ya Ukweli sasa linaweza kuwamo ndani ya kitabu chenyewe.

Turudi sasa kwa mtumishi wetu. Katika mitandao mikubwa ya kijamii, kazi ya kuchuja hufanywa kwanza na programu za kompyuta, ambazo hulinganisha maneno na picha na mifano ziliyofunzwa. Programu haiwezi kutetemeka mkono. Haiwezi kuiba kitabu na kukificha. Ufa ule ambao Zamyatin, Orwell na Bradbury waliuweka ndani ya mhusika mkuu umezibwa. Na pale ambapo programu inashindwa kuamua, mtu huitwa. Na mtu huyo yu karibu nasi kuliko tulivyodhani. Kwa miaka kadhaa machapisho ya Facebook yatokayo sehemu kubwa ya Afrika yalichujwa na vijana walioajiriwa Nairobi kupitia kampuni ya kandarasi, wakitazama kutwa picha za mauaji na mateso na kutoa uamuzi kwa haraka. Mwaka 2023 zaidi ya 180 kati yao walifungua mashtaka katika mahakama ya Kenya dhidi ya kampuni mama ya Meta na wakandarasi wake.

Hawa ndio akina Winston wa leo, ila wao hawakupewa hata ile furaha ya ufundi. Winston alijua gazeti alilolibadili na sababu ya kulibadili. Kijana huyu anaona kipande, anabonyeza, na kipande kingine kinakuja. Hatuwalaumu, wengi wao waliwaepusha wengine na uchafu ambao macho yao yaliubeba. Tunachosema ni kwamba kazi imekatwakatwa kiasi kwamba hakuna hata mmoja anayeiona nzima, na kazi isiyoonekana nzima haiwezi kuhojiwa na dhamiri.

Bei nayo yaweza kuwa mkasi. Mwaka 2018 nchini mwetu zilitungwa kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizowataka wenye blogu na televisheni za mtandaoni kujisajili na kulipia leseni. Ziliandikwa upya mwaka 2020, na kurekebishwa tena mwaka 2022. Kuwa na utaratibu si kosa, na dola yoyote inao wajibu wa kujua nani anauza nini. Lakini msomaji wa Bradbury atauliza kwa adabu: ada ambayo kampuni huilipa bila kuihisi, kwa kijana mwenye mawazo mengi na mfuko mtupu inakuwa nini? Haimwambii anyamaze. Inamwambia tu kwamba kusema kuna gharama, naye anahesabu na kunyamaza mwenyewe.

Je, Kila Neno Liachwe?

Msomaji makini atatupinga hapa. Atasema kwamba waandishi hawa wa Ulaya na Marekani waliandika kana kwamba hatari yote iko katika kuzuia maneno, ilhali sisi wa Afrika Mashariki tumeona maneno yakiua. Pingamizi hilo ni la haki. Redio RTLM ilianza kutangaza Rwanda mwaka 1993, na mwaka 1994 ikawa chombo cha kuchochea na kuelekeza mauaji ya kimbari. Mtu anayesema kwamba redio ile ilipaswa kuachwa kwa jina la uhuru wa kusema hastahili kusikilizwa.

Lakini tuangalie jinsi maneno yale yalivyohukumiwa. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyokaa Arusha, ilisikiliza kesi ya vyombo vya habari na kutoa hukumu mwezi Desemba 2003. Matangazo hayakutupwa katika tundu. Kanda zilihifadhiwa, zikatafsiriwa, zikasikilizwa mbele ya majaji. Washtakiwa walikuwa na mawakili, hukumu iliandikwa kwa sababu zake, na walikata rufaa. Leo mwanafunzi anaweza kusoma ni maneno gani yalisemwa na kwa nini yalikuwa jinai. Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya sheria na udhibiti wa riwaya hizi. Sheria huyaadhibu maneno mabaya na kuyaweka kumbukumbu ili yasirudi. Wizara ya Ukweli huyafuta maneno, mema na mabaya, pamoja na kumbukumbu ya kwamba yalifutwa.

Hitimisho

Bradbury alimaliza riwaya yake kwa watu wanaoishi nje ya mji, kila mmoja akiwa amehifadhi kitabu kichwani. Montag mwenyewe anabeba sehemu ya Mhubiri. Wahakiki wengine wameona kwamba mwisho huo ni ndoto ya mshairi. Kwetu si ndoto. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, uliishi katika vinywa na miswada ya wanawake wa pwani muda mrefu kabla ya kuishi dukani. Mashairi ya Muyaka bin Haji yalikusanywa na Mwalimu Sikujua wa Mombasa kutoka kwa watu walioyakumbuka, na diwani ikachapwa mwaka 1940, miaka mia moja hivi baada ya mshairi kufariki. Na Abdilatif Abdalla, aliyefungwa Kenya mwaka 1969 kwa kuandika karatasi ya kuhoji nchi inakwenda wapi, alitunga mashairi ya Sauti ya Dhiki gerezani juu ya karatasi za chooni. Yalitoka mwaka 1973, na mwaka uliofuata yakapata tuzo yenye jina la rais yuleyule ambaye serikali yake ilimfunga. Hakika karatasi zile zisingetoka gerezani bila mtumishi mmoja ambaye mkono wake ulitetemeka.

Kwa hiyo tunapozilinganisha riwaya hizi na jamii ya leo, tusiwaambie wanafunzi wachague kati ya kupenda mashine na kuiogopa. Tuwaulize swali ambalo waandishi wote wanne waliliuliza: kazi hii inafanywa na nani, na anaijua? Wengi wa wanafunzi hao watakuwa walimu, makarani, wahariri na waandishi wa programu za kompyuta. Siku moja mmoja wao ataletewa andiko na kuambiwa aliondoe. Huenda litakuwa andiko linalostahili kuondolewa. Hata hivyo na aandike ni kitu gani alichokiondoa, kwa sababu gani, na jina lake chini. Na nakala moja aiweke jaladani.